Alama ya Kumi na Mbili

Watu wa Corwell walikuwa wameshaamua. Siku mbili tu baada ya Emmet Skaar kuanguka kwenye theluji na risasi kifuani, kila aliyekutana na Mpelelezi Marit Tollefson kwenye foleni ya kahawa alimpa neno lile lile: ajali. Msimu wa mawindo una ajali zake, walisema, kama barabara zilivyo na zake. Wakatikisa vichwa, wakaongeza sukari, wakaondoka.

Marit hakuongeza sukari wala hakutikisa kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na minne kati ya hiyo akiwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu, na alishajifunza kwamba neno linalosemwa upesi na watu wengi mara nyingi limetoka kwenye mdomo mmoja. Safari hii mdomo huo ulikuwa wa Trent Lachlan, mtoto wa kambo wa marehemu.

Maelezo ya Trent yalijaa ukurasa mmoja na nusu. Jumamosi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, giza likianza kushuka, aliona bega na pembe za dume la elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, kati ya misonobari, yadi sitini mbele yake. Akainua bastola yake, rivolva, akapiga mara moja. Alipofika pale akamkuta baba yake wa kambo. Lawama zote akazitupia kile kioo kidogo cha kulengea kilichofungwa juu ya mtutu. Nukta yake ya mwanga inatapakaa machoni pangu, alisema. Sikuwahi kukizoea, nilimwambia mzee tangu siku ya kwanza. Kisha ikafuata sentensi ambayo Marit aliipigia mstari: "Baada ya kupiga, niliitupa silaha kwenye theluji, na sikuigusa tena."

Daktari wa maiti hakumsaidia. Baridi ilikuwa imevuruga hesabu ya saa ya kifo. Inaweza kuwa jioni, alisema, inaweza kuwa mchana, asimlazimishe kuapa. Silaha yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa ushahidi, inasubiri maabara ya jimbo. Lililobaki ni kujua kama kioo kile kilikuwa kibovu kweli. Basi Jumatatu asubuhi Marit akaenda kwenye duka la mtu aliyekiuza.

Duka la Verl Hostetter lilinuka mafuta ya bunduki na kahawa iliyoungua. Karibu na jiko la kuni walikaa wanaume wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa, wakitafuna nyama kavu. Hawakumwona akiingia.

"Emmet alikuwa mzee, sikatai," mmoja alikuwa akisema, "lakini pembe sikuwahi kumwona nazo."

"Labda mkewe Norma alikuwa anamfugia!"

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa.

"Rudia," Marit alisema akiwa mlangoni.

Wakageuka. Yule aliyepaliwa akamalizia kukohoa kwenye kiganja.

"Hapana, rudia. Nimekosa mwanzo wake. Nitakwenda kwa Norma baadaye, nikamsimulie naye acheke."

Wanaume wale wakaokota kofia zao. Mmoja alinung'unika neno kama samahani, mlango ukafungwa nyuma yao.

"Wasamehe," alisema Verl kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, miwani miwili ikining'inia shingoni kwa kamba. "Wanaogopa. Mtu akiogopa hucheka upuuzi."

"Sikuja kuwasamehe, Mzee Verl. Nimekuja kwa kile kioo cha Trent."

"Nilijua utakuja. Nimesikia anasema ni kibovu." Verl alitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Kaa, binti. Nikuonyeshe jinsi kilivyochaguliwa, maana nilikuwepo saa nzima, na saa ile siisahau."

Alitandika kitambaa cheusi juu ya kaunta. Juu yake akapanga vioo sita, kimoja kimoja, kwa mpangilio. Kila kimoja kilikuwa kidude cha kujaa kiganjani, chenye dirisha dogo la kioo.

"Emmet alimleta Trent hapa tarehe kumi na tisa Oktoba. Rivolva Trent alikuwa nayo tayari, ile ya risasi za namba arobaini na nne. Alitaka kioo juu yake. Ukitazama ndani ya dirisha hili unaona nukta ya mwanga inaelea. Unapoiweka nukta, risasi inakwenda hapo hapo. Hakuna kingine cha kujifunza. Haya, shika cha kwanza. Elekeza ukutani."

Marit alikiinua. Nukta nyekundu haikuwa nukta. Ilikuwa doa lenye mkia, lililojaa nusu ya dirisha.

"Unaona nini?"

"Nyanya iliyokanyagwa."

Verl akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi jicho lako limepinda kidogo, kama la Trent. Yeye aliona buibui."

Marit alikishusha kioo taratibu. Hakupenda alichokisikia. "Kwa hiyo alisema kweli. Nukta inatapakaa."

"Ya kioo hicho, ndiyo. Saa nne asubuhi ya siku ile, kwa kioo hicho, alikuwa anasema kweli. Ningemwuzia hicho hicho na kumtakia heri, wateja wengi hata hawaulizi. Emmet alikataa. Akasema: Verl, mtu asiyeona vizuri anajeruhi mnyama na kumwacha afe siku tatu porini. Lete kingine."

Akasukuma cha pili mbele. "Hiki kina dirisha pana kama la kanisa. Emmet akakigeuza, akaona kifuniko chake ni cha plastiki. Ile arobaini na nne inapiga teke kama nyumbu, akasema, hiki hakitafika Krismasi. Cha tatu, nukta yake kubwa mno. Kwa yadi sitini inafunika kichwa kizima cha mnyama. Unapiga kwa kubahatisha. Cha nne, hiki hapa, ndicho nilichotaka kumpa mimi. Kinajirekebisha mwanga chenyewe."

"Kwa nini akakikataa?"

"Kwa sababu Emmet alikuwa na akili kuliko mimi. Alisema kinapima mwanga pale uliposimama wewe, si pale aliposimama mnyama. Ukiwa kivulini chini ya miti na mnyama yuko kwenye theluji juani, nukta inapotea. Akataka cha kuzungusha kwa mkono. Cha tano kilikuwa hivyo, lakini cha nukta nyekundu, na Trent bado akaona mkia. Ndipo nikatoa hiki."

Cha sita kilikuwa kizito, cha chuma. Marit alikiinua. Nukta ya kijani, ndogo, ilisimama katikati ya dirisha bila mkia wala ndevu.

"Trent alikielekeza ukutani," alisema Verl. "Kisha akasema, 'Ah. Hiyo hapo.' Emmet akamshika bega, akatabasamu kama vile yeye ndiye kapewa zawadi."

"Ilikuwa zawadi?"

"Trent alikuwa ametimiza mwaka mzima bila kugusa pombe. Mzee akataka kumtunuku."

Marit aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Kwenye maelezo yake anasema hakuwahi kukizoea."

Verl aliinua kidole. Alimwonyesha ukuta uliokuwa nyuma ya jiko, ambako alibandika karatasi za shabaha za wateja waliopiga vizuri kwenye uwanja wake mdogo nyuma ya duka. Ya tatu kutoka juu ilikuwa na matundu matano yaliyokusanyika hivi kwamba mdomo wa kikombe ungeyafunika yote. Chini yake, kwa mwandiko wa Trent: *T. Lachlan, yadi 50, Okt. 19.* Na kando yake mwandiko mwingine, wa mzee, ulioinama: *Mwanangu huyu.*

Marit alivaa glavu, akaibandua karatasi, akaiingiza kwenye mfuko, akaandika tarehe na saa. Verl akaanza kukusanya vioo vyake.

"La mwisho, Mzee Verl." Akamwekea mezani picha. Naibu sherifu alikuwa ameipiga Jumamosi ile, kabla ya kuiokota silaha. Rivolva kwenye theluji, kioo juu, na kigurudumu cha kuongeza mwanga kikionekana wazi ubavuni.

Verl alibadilisha miwani. Akainama. Akabadilisha tena.

"Kumi na mbili," alisema.

"Ni nini kumi na mbili?"

"Ndiyo mwisho. Kigurudumu kina alama kumi na mbili. Jioni unaweka ya tatu, ukizidi ya nne. Ya kumi na mbili ni ya jua la saa sita juu ya theluji nyeupe. Nani anawinda jioni na kumi na mbili?" Aliinua uso. Rangi ilikuwa imemtoka. "Binti. Nani anafanya hivyo?"

Simu ya Marit ikalia kabla hajajibu. Alikuwa Lyle Pruett, askari wa wanyamapori wa kaunti. Hakusalimia.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Bado."

"Vizuri. Usile. Njoo korongo la Sawtell."

* * *

Harufu ilimpokea Marit kabla ya korongo lenyewe. Theluji ilikuwa imefunika sehemu, lakini jua la mchana lilikuwa limelainisha kilichokuwa chini yake, na kunguru walikuwa wamekwisha kufungua kilichobaki. Marit alihesabu mizoga tisa ya elki. Yote madume. Yote bila vichwa.

Hakuna paja lililokatwa. Hakuna ngozi iliyochunwa. Miili ilikuwa imelala jinsi ilivyoanguka, matumbo yamevimba na kupasuka, shingo zimeishia kwenye nyama nyeusi. Miwili ilikuwa mibichi. Mingine ilikuwa ya tangu Septemba, wakati wa joto, na hiyo ndiyo iliyokuwa inatoa majimaji.

"Pembe tu," alisema Pruett, mwanaume mnene wa miaka hamsini aliyefunga leso puani. "Kuna wapuuzi huko mijini wanaonunua kichwa ili watundike sebuleni waseme wamewinda wenyewe. Nyama hii ingelisha familia tisa mpaka majira ya kuchipua. Imeachwa ioze."

Marit alikwenda kando, akatema mate, akarudi. "Risasi?"

"Nimechimba mbili. Arobaini na nne zote. Maabara itasema zimetoka mtutu gani." Pruett alishusha leso. Alionekana kama mtu anayetaka kukiri. "Kuna kitu kingine. Ujumbe wa simu, nimeusikia leo asubuhi tu. Ofisi yetu hufungwa Jumamosi."

Akaweka simu yake kwenye kipaza sauti. Sauti ya mzee ilitoka, tulivu, na nyuma yake upepo.

"Lyle, ni Emmet Skaar. Saa tatu hii ya asubuhi, Jumamosi. Nina jambo la kukuonyesha korongoni Sawtell, na halitakupendeza. Ninamjua aliyelifanya. Nimempa mpaka Jumatatu aje kwako mwenyewe kwa miguu yake. Asipokuja, nitakuja mimi. Nakuomba ukimwona, umsikilize kwanza. Amepambana sana mwaka huu."

Ikakatika.

"Hata jina hakulitaja," alisema Pruett. "Alikuwa anamlinda. Mpaka saa ile alikuwa anamlinda."

Marit alitazama juu ya ukingo wa korongo. Kutoka pale hadi kwenye misonobari ambako Emmet alikutwa hapakuzidi hatua mia nne.

"Una kizibao cha ziada?" aliuliza.

Walisubiri ndani ya gari la Pruett mpaka jua lilipozama. Hakuna aliyekula. Saa kumi na moja na dakika kumi, Pruett alisimama mahali mwili ulipokuwa, kizibao cha chungwa kifuani, na Marit akasimama yadi sitini nyuma, zilizopimwa kwa utepe. Mkononi alikuwa na kioo cha aina ile ile alichoazimwa na Verl. Hakikuwa kimefungwa kwenye silaha. Alikishika kikiwa peke yake, kama darubini.

Kwanza alikiweka kwenye alama ya tatu. Nukta ya kijani ikatua kifuani kwa Pruett. Rangi ya kizibao ilikuwa imefifia kwa giza, lakini aliona mikono, aliona kofia, aliona kwamba ni mtu.

Kisha akazungusha mpaka kumi na mbili. Mwanga ukalipuka ndani ya dirisha. Pruett akatoweka. Mti ukatoweka. Alichoona Marit kilikuwa jua dogo la kijani, na nyuma yake weusi. Alifumba jicho, akafumbua. Hapakuwa na bega. Hapakuwa na pembe ambazo mtu angeweza kuapa kwamba ameziona.

"Vipi?" Pruett alipiga kelele.

"Nenda nyumbani, Lyle. Ukaoge."

* * *

Jumanne saa mbili asubuhi Trent Lachlan aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa na miaka thelathini na minne, sura ya kupendeza, macho mekundu ya kulia. Mtu fulani alikuwa amemhurumia akampa donati mbili zenye unga wa sukari. Marit alimsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kumwita wakili. Trent alisema hana cha kuficha, akatia sahihi, akaacha alama ya sukari kwenye karatasi.

"Pole kwa msiba," alisema Marit.

"Ahsante, Afande. Mama ndiye ananitia wasiwasi. Mimi ni mwanaume, nitavumilia."

"Nataka tu kunyoosha maelezo. Ulipiga saa ngapi?"

"Kumi na moja na dakika kumi. Nilitazama saa."

"Ukaona nini?"

"Bega. Na pembe."

"Kupitia kioo?"

"Kupitia kioo, ndiyo. Ila nukta ilikuwa imetapakaa, si unajua. Ningekuwa na kioo kizuri, mzee angekuwa hai." Alilamba kidole gumba. "Hilo ndilo linaloniua."

"Na baada ya kupiga hukuigusa silaha."

"Niliitupa. Nikamkimbilia mzee."

"Hukukizungusha kile kigurudumu cha mwanga? Labda kwa bahati mbaya, wakati wa kutupa?"

"Hapana. Kigumu kile, mpaka utumie nguvu. Sikugusa kitu."

Marit aliandika jibu hilo kwa herufi kubwa, akamgeuzia daftari. "Soma. Nimeandika sawa?"

"Sawa kabisa."

"Weka jina lako hapo."

Akaweka. Marit akatoa mfuko wenye karatasi ya shabaha, akaulaza mezani. Trent aliutazama. Mkono uliokuwa unaelekea donati ya pili ukasimama.

"Matundu matano," alisema Marit. "Siku ile ile ya kwanza uliyomwambia mzee kwamba huoni."

"Siku ile nilibahatisha."

"Mara tano?"

"Watu hubahatisha, Afande."

"Huu ni mwandiko wa nani?"

Trent hakusoma. "Wa mzee."

"Anasema nini?"

"Najua anachosema."

Akaweka picha ya rivolva kwenye theluji. "Hii ni alama ya ngapi?"

Akaikodolea macho picha. "Sioni vizuri."

"Kumi na mbili. Jana saa ile ile ya jioni nilisimama pale ulipodai umesimama, nikatazama kwa alama hiyo. Sikuona bega, Trent. Sikuona hata mti. Umesema kwa kinywa chako hukukizungusha baada ya kupiga. Basi kilikuwa pale kabla. Na kumi na mbili ni ya jua la saa sita."

"Labda nilisahau kukirudisha tangu mchana."

"Basi hukuona pembe yoyote. Ulipiga kwenye giza usilolijua lina nini. Hiyo nayo ni jela. Chagua."

Trent aliipangusa midomo kwa mkono. Unga wa sukari ulimganda kwenye ndevu.

"Nilikuwa korongoni Sawtell," Marit aliendelea. "Nilihesabu tisa. Lyle Pruett anazo risasi. Na anayo sauti ya Emmet kwenye simu, ya Jumamosi saa tatu. Unataka kujua alisema nini?"

"Alinitaja?"

Ndilo swali lililomtoka. Marit aliliandika daftarini.

"Hapana," alisema. "Hakukutaja. Aliomba usikilizwe kwanza."

Trent akaanza kulia. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, kwa kelele, kamasi zikishuka, na Marit alimtazama jinsi mtu anavyotazama bomba la choo lililopasuka: akingoja limalize.

"Alinipa mpaka Jumatatu," alisema Trent. "Mimi! Kama vile mimi mtoto. Wangeninyang'anya leseni, wangenifungia kuwinda maisha. Angenivunjia kila kitu kwa sababu ya wanyama, Afande. Wanyama tu!"

"Jumamosi saa sita alikuwa anafanya nini pale kwenye misonobari?"

"Ananisubiri. Nilimpigia nikasema nimekubali, tukutane twende kwa Lyle pamoja."

"Alikuwa amevaa kizibao?"

"Ndiyo."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu. Lilikuwa linamwangaza yeye."

"Alikuona?"

"Alinipungia mkono."

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Marit alihakikisha kwamba kinazunguka kabla ya kuuliza tena.

"Kisha?"

"Kisha niliinua, lakini nukta haikuonekana juu ya theluji. Mwanga mwingi. Ikabidi nishushe, nizungushe mpaka mwisho, niinue tena."

"Yeye muda huo wote anafanya nini?"

"Amesimama tu. Mkono bado juu. Nadhani alifikiri nakitengeneza."

Marit alinyanyuka, akakichukua kisahani cha donati, akakitumbukiza kwenye pipa la taka pamoja na donati iliyobaki. Akarudi akaketi.

"Kutoka saa sita mpaka kumi na moja. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye gari. Nilisubiri giza."

"Saa tano nzima."

"Kulikuwa na baridi, niliwasha gari lipate joto. Nikala chakula changu." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Na chake. Mama alikuwa amemfungia mkate na nyama. Ungeharibika bure."

Marit alitaja saa kwa ajili ya kinasa sauti, akakizima. Mlangoni alimwambia naibu amwite wakili, kwa kuwa sasa Trent alikuwa anamtaka. Kisha akaenda msalani, akafungua maji ya moto, akanawa mikono mpaka viwiko, mara mbili, ingawa hakuwa amemgusa mtu yule hata kwa kidole.

* * *

Nyumba ya Norma Skaar ilijaa mabakuli ya chakula ya majirani waliokuja kumpa pole, yaliyofunikwa kwa karatasi za alumini; hakuna hata moja lililoguswa. Alikuwa mwanamke mdogo wa miaka sitini na mbili, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Alimfungulia Marit mlango, akamtazama usoni, akarudi jikoni bila kuuliza. Marit akamfuata.

"Nimesikia amezuiliwa tangu asubuhi," alisema Norma.

"Ndiyo, mama. Nimekuja nikwambie mwenyewe kabla hujasikia mtaani."

"Basi sema. Usinizungushe, binti. Nimezungushwa siku tatu."

Marit akasema. Hakupunguza na hakupamba. Alisema juu ya korongo, juu ya simu ya Emmet, juu ya saa sita mchana. Norma alisikiliza amesimama, kiganja kimeegemea kwenye ubao wa kukatia mkate. Hakulia. Mara moja tu alifumba macho, pale aliposikia habari ya chakula.

"Emmet alijua ni nani?" aliuliza. "Alipokuwa ananyanyua mkono?"

Kulikuwa na jibu la huruma, na Marit alilijua. Alilifikiria kwa muda wa pumzi moja.

"Alijua, mama."

Norma akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akaingia chumba cha nyuma. Marit alisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, moja baada ya nyingine. Aliporudi alikuwa na begi dogo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na soksi nene za sufu, fulana mbili za ndani, na sweta la kijivu lililofumwa kwa mkono.

"Seli zile zina baridi," alisema. "Nilipeleka Biblia huko miaka mingi na kina mama wa kanisa, nazijua. Mpelekee."

Marit alilipokea begi. Lilikuwa jepesi.

"Nimwambie chochote?"

Norma alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Alikuwa anaondoa karatasi za alumini kwenye mabakuli ya majirani na kumwaga chakula chao, bakuli moja baada ya jingine, kwenye ndoo ya takataka.

"Mwambie ni nguo za serikali," alisema. "Asijue zimetoka kwangu."